Dawa haizibi bomba la majitaka: Jua wa kumwendea mtaani mwako

Mvua inapoanza jijini Nairobi, ugonjwa unaoletwa kliniki aghalabu ni ule ule. Mtoto anaharisha na kutapika, macho yamezama, na mama anasema alitibiwa ugonjwa huo huo wiki tatu zilizopita.

Muulize mama huyo kuhusu mtaa wake. Atakuambia bomba la majitaka lilipasuka karibu na lango, na watoto huyaruka maji hayo kila asubuhi wakienda shuleni.

Dawa itamponya mtoto, lakini haitaliziba bomba. Maadamu bomba li wazi, mtoto atarudi kliniki. Kwa hiyo leo, msomaji, tuache tembe kidogo tuzungumze kuhusu kaunti.

Maradhi ya mtaroni

Majitaka hubeba viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Wengi hudhani wako salama kwa kuwa hutumia maji ya mfereji. Lakini katika mitaa mingi bomba la maji safi hupita kando ya mtaro mchafu. Siku ya mgao, maji yanapokatika, bomba lenye ufa huvuta uchafu ulio nje. Maji yakirudi, uchafu huo huingia jikoni mwako.

Taka zisizozolewa nazo hufuga panya na nzi. Zikichomwa, moshi wake huwasumbua wenye pumu.

Haya si mambo ya kupuuzwa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 na kuendelea mwaka wa 2023 uliwapata watu zaidi ya 10,000 nchini. Ugonjwa huu waweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu zake kwa muda wa saa chache.

Kazi hii ni ya nani?

Malalamiko mengi hupotea kwa sababu hupelekwa kwa mtu asiyehusika. Chifu ni afisa wa serikali ya kitaifa. Mbunge kazi yake ni kutunga sheria. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti uzoaji wa taka, mitaro ya maji ya mvua mijini, huduma za maji na usafi, na afya ya wakazi.

Taka zikirundikana, mwendee msimamizi wa wadi. Bomba la majitaka likipasuka barabarani jijini Nairobi, mwenye kazi ni Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, ambayo ni mali ya kaunti. Kiwanda kikimwaga sumu, mamlaka ya mazingira, NEMA, pia yahusika.

Choo cha ploti kikifurika, jukumu ni la landilodi. Akikataa kukitengeneza, mwite Bwana Afya, yaani afisa wa afya ya umma, katika ofisi ya kaunti ndogo yako. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, humpa uwezo wa kumwandikia mwenye nyumba ilani ya kuondoa uchafu, na akipuuza ashtakiwe.

Najua wapangaji wengi huogopa kufukuzwa. Njia nzuri ni kwenda wengi pamoja, au kumwomba Bwana Afya akague ploti zote za mtaa badala ya kuitaja moja.

Weka maandishi

Malalamiko ya mdomo husahauliwa. Andikeni barua fupi yenye mambo haya: siku tatizo lilipoanza, mahali hasa lilipo (nambari ya nguzo ya stima au jina la duka hutosha), idadi ya nyumba zilizoathirika, na watu wangapi wameharisha tangu siku hiyo. Msitaje majina ya wagonjwa. Ambatisheni picha.

Barua iende kwa msimamizi wa wadi, na nakala kwa afisa wa afya wa kaunti ndogo na kwa diwani wenu. Kila ofisi ipige muhuri wa kupokea kwenye nakala mtakayobaki nayo. Mkipiga simu, ombeni nambari ya malalamiko na muiandike.

Orodha ya namna hiyo ina nguvu kuliko kelele. Mnamo Septemba 1854, kipindupindu kilipokuwa kikiua watu katika mtaa wa Soho jijini London, daktari John Snow alihesabu vifo nyumba kwa nyumba. Akaona vingi vilikuwa karibu na pampu moja ya maji. Alipeleka hesabu hiyo kwa wakuu wa eneo hilo, na siku iliyofuata mpini wa pampu uling'olewa. Wakati huo viini vya kipindupindu vilikuwa bado havijulikani kwa wengi. Kilichowashawishi wakuu ni orodha.

Wakinyamaza

Msipojibiwa, zipo hatua nyingine. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 humpa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti, nayo kaunti ina wajibu wa kulijibu bila kukawia. Ombi laweza pia kupelekwa katika bunge la kaunti kupitia kwa karani wake.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 hukuruhusu kuuliza, kwa mfano, ni nani aliyepewa kandarasi ya kuzoa taka mtaani mwenu. Ofisi yapaswa kujibu katika siku 21. Habari ikiwa inahusu uhai wa mtu, ni saa 48. Wakikaidi, peleka lalama kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana kama Ombudsman.

Mwisho kabisa ni mahakama. Kifungu cha 42 cha Katiba humpa kila mtu haki ya mazingira safi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na risasi kutoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walishinda kesi mwaka wa 2020 na kutunukiwa Sh1.3 bilioni. Ilibidi wangoje hadi Desemba 2024 kwa Mahakama ya Juu kuurejesha uamuzi huo baada ya rufaa. Haki ya mahakamani huchelewa, kwa hiyo anzeni na barua.

Msikose vikao vya bajeti

Mtaro mpya hauchimbwi bila pesa kutengwa. Kaunti hupeleka mpango wa maendeleo katika bunge lake kabla ya Septemba 1, mwelekeo wa matumizi kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Kabla ya hapo wakazi hualikwa kutoa maoni. Tazama matangazo ya vikao hivyo magazetini na katika ofisi ya wadi. Nendeni na nakala za barua zenu, muombe mtaro wenu utajwe kwa jina.

Mnapongoja

Chemsha maji ya kunywa au uyatie dawa. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula. Mtu akianza kuharisha, mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya.

Mpeleke hospitali mara moja akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, akiwa na damu kwenye choo, akishindwa kunywa au akilegea. Ukifika, mweleze muuguzi kuhusu bomba lililopasuka na wagonjwa wengine mtaani. Habari hiyo humwezesha kumjulisha Bwana Afya mlipuko ukiwa bado mdogo.