Mshubiri na Njaa ya Nyuki

Wafugaji wa nyuki wa sehemu kame wanaijua vyema njaa ya kiangazi. Mvua zikikatika, maua hupukutika, mbochi huadimika, na nyuki walioishiwa na akiba huiacha mizinga na kuhama. Hasara yake haiishii kwenye asali. Mvua zirudipo, maboga na matikiti huchanua, lakini mchavushaji wake yuko mbali. Na ua la boga lisilochavushwa halizai. Hapo mkulima hulaumu mbegu, ilhali kosa limo katika mzinga mtupu.

Sehemu ya dawa imo katika mmea tuupitao kila siku bila ya kuujali. Katika nyika za Kenya na Tanzania huota mshubiri ambao wataalamu huuita Aloe secundiflora. Majani yake manene huhifadhi maji, na vitundu vyake vya kupitishia hewa hufunguka usiku, ili jua la mchana lisiyanyonye maji hayo. Ndiyo sababu huweza kuchanua wakati majani mengine yamekwisha kunyauka. Maua yake mekundu, yaliyoelekea upande mmoja wa tawi, huwapa nyuki mbochi na chavua. Kwetu sisi shubiri ni mfano wa kila lililo chungu. Kwa nyuki wa kiangazi ni riziki.

Basi yafaa mmea huu upandwe mipakani mwa mashamba na kandokando ya mizinga. Mbegu zisiwe katika kitalu chenye mchanga usiotuamisha maji, kwani maji mengi huozesha mizizi kuliko ukame unavyoidhuru.

Hata hivyo, isiwe ruhusa ya kung'oa mishubiri ya porini. Nchini Kenya, uvunaji wa utomvu wake kwa biashara ulitishia mmea huu hata Rais akaupiga marufuku mwaka 1986. Kanuni zilizofuata, za 2007, zikaielekeza biashara hiyo kwenye mishubiri iliyopandwa. Fundisho ni wazi: kuing'oa nyikani ili kuipanda shambani ni kuihamisha njaa, si kuiondoa.

Mshubiri uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua. Kwa hiyo, mwenye mizinga asingoje nyuki wahame ndipo akumbuke kitalu. Maua ya kiangazi kijacho hayatapatikana kwa majuto.