Uteuzi wa Riwaya za Kiingereza kwa Vijana wa Shule: Mfano wa Wagenia, Kisangani

Katika shule za sekondari za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kiingereza ni lugha ya kigeni. Masomo hutolewa kwa Kifaransa, na nje ya darasa vijana wa Kisangani huzungumza Kilingala na Kiswahili. Riwaya ya Kiingereza, kwa hiyo, humfikia kijana wa Wagenia ikiwa imetanguliwa na lugha nyingine kadhaa. Asipopata sababu ya kufungua ukurasa wa pili, juhudi za mwalimu hupotea. Makala haya yanaeleza namna sababu hiyo inavyoweza kutafutwa.

Riwaya za mto wenyewe

Jibu la haraka ni kumpa kijana kitabu kinachohusu kwao. Viko viwili mashuhuri. Joseph Conrad alifika Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, mwaka 1890, na safari hiyo ikazaa Heart of Darkness (1899). V.S. Naipaul, aliyeizuru nchi hiyo mwaka 1975, aliandika A Bend in the River (1979), ambayo mji wake usiotajwa jina huchukuliwa kuwa Kisangani.

Hata hivyo, ukaribu wa mandhari si ukaribu wa kisa. Katika kitabu cha Conrad sentensi ni ndefu, usimulizi umo ndani ya usimulizi, na wakazi wa kandokando ya mto karibu hawapewi kauli. Kijana anaukuta mto wake, lakini hajikuti yeye mwenyewe. Chinua Achebe aliikosoa vikali taswira hiyo ya Waafrika katika mhadhara wa mwaka 1975. Mjadala huo unafaa chuo kikuu zaidi kuliko darasa la wanaoanza.

Naipaul anatoa nafasi kubwa zaidi. Zabeth ni mchuuzi atokaye kijiji cha wavuvi, na mwanawe, Ferdinand, anapelekwa kusoma mjini. Sehemu zinazomhusu Ferdinand zaweza kusomwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Riwaya nzima, lakini, ni ndefu, na msimulizi wake ni mtu mzima aliyejaa mashaka.

Riwaya ya mbali iliyo karibu

The Pearl ya John Steinbeck (1947) inatokea Meksiko. Mtoto wa Kino, mzamiaji wa lulu, anaumwa na nge. Tabibu anakataa kumtibu kwa kuwa wazazi ni maskini. Kino anapata lulu kubwa, kisha anakutana na wanunuzi wanaojifanya kushindana, kumbe wote wanamtumikia bwana mmoja.

Kijana wa Wagenia ametoka katika jamii inayotega migono kwenye maporomoko, kwa miti iliyosimikwa miambani, na amekulia katika mji unaojulikana kwa biashara ya almasi. Hahitaji maelezo marefu kuhusu mtu mwenye mali mkononi asiyejua bei yake. Kitabu chenyewe ni chembamba na lugha yake ni nyepesi. Swali lake laweza kujadiliwa kwanza kwa Kiswahili, ndipo wanafunzi warudi kulitafutia majibu katika matini ya Kiingereza: ni nani anayepanga thamani ya kile alichokitoa mtu majini?

Baada ya hapo inaweza kufuata Things Fall Apart ya Achebe (1958). Tafsiri yake ya Kiswahili, Shujaa Okonkwo, iliyofanywa na Clement Ndulute, ilitoka mwaka 1973. Matini hizo mbili zikisomwa sambamba, Kiswahili huwa daraja la kuvukia, wala si mpinzani wa Kiingereza.

Hitimisho

Umbali wa riwaya haupimwi kwa maili. Mwalimu anayeteua kitabu atazame kwanza kama kisa kinamgusa kijana, pili kama lugha inabebeka, na mwisho ndipo atazame mahali kisa kinapotokea. Akianza na mahali, anaweza kumpa kijana kitabu kuhusu mto wake mwenyewe, na kijana akabaki mgeni ndani yake.