Deni Limekwisha, Jina Je?

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Neno hilo ni la kweli, lakini siku hizi peke yake halitoshi. Zamani mkopeshaji alikuwa jirani. Ukimrudishia fedha zake mbele ya watu wawili watatu, shauri limekwisha na heshima imerudi siku ile ile. Leo mkopeshaji ni benki au chama cha akiba na mikopo, na kumbukumbu yake haikai kichwani bali daftarini. Daftari halijui kwamba umelipa mpaka mtu aliandike hivyo.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Si ya mtu maalumu, ila inafanana na nyumba nyingi. Baba ni askari polisi mjini Gitega. Mama na watoto wako Muyinga, ambako mama huuza maharagwe na mchele sokoni. Baba alikopa fedha za kujenga, na mwenzake wa kituoni akamdhamini. Malipo yalikwenda vizuri hadi mtoto alipougua. Hapo akakopa tena, safari hii kwa mmoja wa wale wanaotoza riba kila mwezi na kushika kadi ya benki ya mkopaji kama rehani. Mshahara ukawa unaliwa kabla haujafika nyumbani.

Hatimaye alifanya jambo la busara: alikwenda kwa mkopeshaji wake halali, akaeleza hali yake, na malipo yakapangwa upya. Deni lililobaki, faranga 1,440,000, likagawanywa kwa miezi 24, yaani faranga 60,000 kila mwezi. Mama akaongeza alichopata sokoni. Mwezi wa 24 ukafika, na nyumbani wakashukuru Mungu.

Mwezi wa 25, mshahara ukakatwa tena faranga 60,000.

“Baba watoto,” mama akauliza, “deni si limekwisha? Mbona bado wanakata?”

Lililouma zaidi lilikuja baadaye. Yule mwenzake aliyemdhamini alikwenda kuomba mkopo wa kununua kiwanja. Akajibiwa kwamba jina lake bado limefungwa na deni la rafiki yake. Mtu aliyefanya wema akawa ndiye anayeadhibiwa, ingawa deni lilikuwa limelipwa hadi faranga ya mwisho.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Kosa lilikuwa kudhani kwamba malipo ya mwisho hufunga kila kitu kwa wakati mmoja. Sivyo. Mkopo mmoja una mafundo kadhaa: hesabu ya mkopeshaji, amri ya kukata mshahara, ahadi ya mdhamini, rehani iliyowekwa, na habari iliyopelekwa katika daftari kuu. Kila fundo hufunguliwa peke yake.

Daftari hilo kuu liko katika Benki ya Jamhuri ya Burundi, yaani BRB. Kwa Kifaransa huitwa centrale des risques. Wakopeshaji hupeleka humo habari za wakopaji wao, na kabla ya kutoa mkopo mpya huweza kutazama kama mwombaji ana deni mahali pengine na kama analilipa. Si daftari la adhabu. Kazi yake ni kumzuia mtu asizame katika madeni matatu manne kwa mara moja, na kulinda akiba za wengine. Lakini habari yake ikichelewa kurekebishwa, humwumiza asiye na hatia.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, omba taarifa kamili ya hesabu yako miezi miwili au mitatu kabla ya kumaliza. Tazama kama kuna riba ya kuchelewa au gharama iliyobaki. Faranga chache zilizosahaulika zaweza kuacha hesabu wazi.

Pili, ukimaliza, omba barua yenye muhuri na saini inayosema kwamba mkopo umelipwa wote. Itaje namba ya mkopo na tarehe. Stakabadhi ya malipo ya mwisho si barua hiyo. Yenyewe yaonyesha tu kwamba siku fulani ulilipa kiasi fulani.

Tatu, hakikisha kwamba amri ya kukata mshahara imesimamishwa. Peleka nakala ya barua kwa wanaoshughulikia mishahara, na uandikiwe kwamba imepokelewa. Kilichokatwa kwa ziada kidai kwa maandishi.

Nne, mkomboe mdhamini wako. Omba barua inayosema kwamba dhamana yake imekwisha, umpelekee mwenyewe kwa mkono wako. Hiyo ni sheria ya adabu kabla ya kuwa sheria ya benki.

Tano, ikiwa uliweka nyumba au shamba rehani, dai hati zako pamoja na ile karatasi ya kuondoa rehani ambayo maofisini huitwa mainlevée. Bila karatasi hiyo ardhi yaweza kuonekana imefungwa hata baada ya wewe kufariki, na mjane na watoto ndio watakaohangaika.

Sita, mwombe mkopeshaji apeleke marekebisho katika daftari kuu. Baada ya muda, rudi uulize kama yamefanyika. Yeye ndiye aliyepeleka habari ya deni. Yeye ndiye anayepaswa kupeleka habari ya kulipwa. Mtu akikuambia kwamba atalifuta jina lako kwa malipo ya pembeni, mkimbie.

Askari ana sababu ya pekee ya kushika mambo haya: huhamishwa. Leo yuko Gitega, kesho Muyinga. Kwa hiyo barua zote zikae nyumbani katika bahasha moja, na mke au mume ajue ilipo.

WENZETU WANAFANYAJE?

Nchini Afrika Kusini, sheria ya mikopo ya mwaka 2005 iliweka washauri wa madeni wanaompangia mkopaji malipo mapya. Anayemaliza hupewa hati ya kutoka katika mpango huo, na hati hiyo hupelekwa kwa wanaotunza kumbukumbu za mikopo. Mwenye mkopo wa nyumba aweza kutoka hata kabla ya kuumaliza, mradi hana malimbikizo. Nchini Kenya, Benki Kuu ilitangaza mwezi Novemba 2022 mpango wa kuwasaidia waliochelewesha mikopo midogo ya simu: wakopeshaji walitakiwa kupunguza angalau nusu ya deni, na aliyebaki akilipa sehemu yake kwa utaratibu, jina lake likarekebishwa. Kwetu mapatano hufungwa kwa kawaida kati ya mkopaji na mkopeshaji wake, kwa hiyo kazi ya kufuatilia humwangukia mkopaji mwenyewe.

KUJENGA UPYA

Jina likishasafishwa, usikimbilie mkopo mwingine. Weka akiba kwanza, hata faranga 5,000 kila mwezi bila kukosa, katika benki au COOPEC yako. Mkopeshaji huamini zaidi mwendo wa mwaka mmoja kuliko maneno ya siku moja. Kina mama wanajua jambo hili katika vikundi vya Nawe Nuze: kila juma mtu hununua hisa zake mbele ya wenzake, na sanduku lina kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu. Anayezoea kutokosa hapo hatakosa pengine.

Ukija kukopa tena, kopa kidogo, kwa jambo moja, kwa shauri la nyumba nzima, na ulipe kabla ya tarehe.

Ama yule askari wetu wa mfano, alipopata barua zake mbili, ya kwanza aliiweka katika bahasha. Ya pili aliichukua mpaka kituoni, akamkabidhi mwenzake. Siku ile ndipo deni lilipokwisha kweli.