Tanzania: Tarehe ya Kwanza ya Kazi Isipotelee Kwenye Kompyuta

Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema kwamba anayeachishwa kazi bila kosa la utovu wa nidhamu alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi usiokatika, mwisho miaka 10. Kwa hiyo tarehe ya kuanza kazi ni fedha.

Siku hizi mikataba imo katika kompyuta, kila mkataba na mstari wake. Tuchukue mfano wa mchuma chai mwenye mikataba mitatu iliyoshikana: wa 1 Machi 2016, wa 1 Machi 2019 na wa 1 Machi 2022. Kazi ikaisha 30 Juni 2024. Karani akisoma mstari wa mwisho ataona miaka 2, yaani siku 14. Akisoma wa kwanza, miaka 8, siku 56.

Karani akiongeza safu ya hesabu na kuandika MIN ya tarehe peke yake, kompyuta hutazama orodha nzima, na kila mtu hupewa tarehe ya mkongwe kuliko wote! Waajiri wangefurahi? Hata kidogo. Inayofaa ni CALCULATE yenye MIN ya tarehe, pamoja na ALLEXCEPT ya namba ya mtu. Maana yake: achana na mengine yote ya mstari huu, shika namba tu, kisha tafuta tarehe ya mapema.

Namba hiyo iwe ya kitambulisho cha taifa. Namba ya kadi ya kazi tumeiona ikibadilishwa kila mkataba mpya. Na palipo na pengo kati ya mikataba tuhesabu wenyewe kwa mkono, maana safu hiyo haioni pengo.