KASRI LILILOJENGWA JUU YA MTO

Majumba mengi ya wakuu wa Ulaya ya kale yalijengwa vilimani, ili mwenyewe amwone adui kabla adui hajamfikia. Kasri la Chenonceau, katika Ufaransa, ni la namna ya pekee. Limesimama ndani ya Mto Cher, na maji hupita chini ya sakafu zake usiku na mchana.

Hapo zamani palikuwa na ngome ya ukoo wa Marques pamoja na kinu cha kusaga nafaka kwa nguvu ya maji. Thomas Bohier, mtumishi mkubwa wa hazina ya mfalme, alipapata mahali hapo, akaibomoa ngome na kubakiza mnara mmoja tu, ambao upo hadi leo. Kati ya mwaka 1513 na 1521 ikainuka nyumba mpya ya mawe meupe juu ya misingi ya kile kinu. Bohier mwenyewe alikuwa vitani Italia mara kwa mara. Aliyesimamia ujenzi ni mkewe, Katherine Briçonnet. Ngazi ya ndani ikajengwa ya kunyooka, wakati Wafaransa walikuwa wamezoea ngazi za kuzunguka kama konokono.

Lakini fahari ile ilijengwa na mtu mwenye deni. Bohier alipokwisha kufa, hesabu zake zilikaguliwa, na mwaka 1535 mwanawe akalazimika kulitoa kasri kwa Mfalme François wa Kwanza.

Mwaka 1547 Mfalme Henri wa Pili alimpa kasri hilo hawara wake, Diane de Poitiers. Bibi huyo alimwagiza fundi mashuhuri Philibert de l'Orme ajenge daraja la matao hadi ng'ambo ya mto. Mwaka 1559 mfalme alikufa kwa jeraha alilolipata katika mashindano ya mikuki, na mjane wake, Catherine de Médicis, hakuchelewa kumtoa Diane, akimpa kasri la Chaumont badala yake. Kisha akajenga, juu ya daraja la mpinzani wake, ukumbi wenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 6. Ndiyo sura ambayo wageni huifuata hadi leo.

Kuirudishia nyumba ya namna hii hali yake ya zamani si kazi ndogo. Mawe yake ni laini. Huchongeka kwa urahisi, na kwa sababu iyo hiyo huliwa na unyevu na baridi. Marguerite Pelouze, aliyelinunua mwaka 1864, alitumia mali nyingi mno katika matengenezo hata akafilisika, na mwaka 1888 kasri likakamatwa na wadai. Mwaka 1913 lilinunuliwa na ukoo wa Menier, matajiri wa viwanda vya chokoleti.

Ndipo ukumbi wa karamu ukapata kazi nyingine. Katika Vita Kuu vya Kwanza, Gaston Menier aliugeuza kuwa hospitali, na askari majeruhi zaidi ya 2,000 wakauguzwa humo. Mwaka 1940, Wajerumani walipoiteka Ufaransa, Mto Cher ukawa mpaka. Mlango mkuu wa kasri ulikuwa upande uliokaliwa na Wajerumani. Mlango wa mwisho wa ukumbi ulifungukia upande wa pili. Hebu fikiri, msomaji: kwa mtu aliyekuwa akiwindwa, hatua chache katika ukumbi ule zilikuwa tofauti ya uhai na mauti. Wako waliovuka hapo wakasalimika.

Mabomu ya mwaka 1944 yalivunja vioo vya kanisa dogo la kasri; mwaka 1954 viliwekwa vipya, kazi ya fundi Max Ingrand. Tangu mwaka 1951 ukarabati ulikuwa mikononi mwa Bernard Voisin, aliyelitengeneza jengo na bustani zake.

Majina ya wenye mali yameandikwa vitabuni. Waashi waliosimama majini wakipanga matao hatuwajui, lakini kazi yao ndiyo iliyowabeba majeruhi na wakimbizi. Nayo haikudumu yenyewe: kila kizazi kimepaswa kuingiza mkono wake. Wahenga walikwisha sema, usipoziba ufa utajenga ukuta.