Athari ya Mpemba ya kwanta

Athari ya Mpemba ya kwanta ni tukio la fizikia ambapo mfumo wa spini ulio mbali zaidi na hali ya utulivu huifikia upesi kuliko ule ulio karibu nayo. Imepewa jina la Erasto Mpemba wa Tanzania.

Asili ya jina

Mwaka 1963 Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona kwamba aiskrimu iliyowekwa kwenye friji ikiwa moto iliganda kabla ya ile iliyopozwa kwanza. Mwalimu wake hakukubali. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilohilo Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, naye akalifanyia majaribio. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Kuhusu maji, wataalamu wanabishana hadi leo.

Usambaaji wa habari katika spini

Spini ni sifa inayoifanya chembe iwe kama sumaku ndogo. Spini zikiwa katika mstari, kila moja huathiri jirani zake, na habari iliyokuwa mahali pamoja husambaa. Mwaka 1972 Elliott Lieb na Derek Robinson walithibitisha kwamba, spini zikiathiriana kwa karibu tu, usambaaji huo una kikomo cha kasi.

Katika mfumo uliotengwa na mazingira habari haipotei. Hubaki katika mfungamano wa spini zilizo mbalimbali, hivyo haionekani tena kwa kupima sehemu ndogo ya mstari. Sehemu hiyo huonekana imetulia, ingawa mfumo mzima haujasahau ulivyoanza.

Ugunduzi

Mwaka 2023 Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese walikokotoa mwenendo wa spini zilizoinamishwa pamoja, jambo linalovunja ulinganifu wa mzunguko. Walikuta kwamba kadiri zilivyoinamishwa zaidi mwanzoni, ndivyo sehemu ya mstari ilivyorudisha ulinganifu upesi zaidi. Athari hii haitokei kila mara. Hutegemea hali ya mwanzo.

Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walitangaza kuiona katika mstari wa ayoni 12 za kalisi.

Umuhimu

Kompyuta za kwanta hutunza habari katika vipande vinavyofanana na spini. Kujua habari hiyo husambaa kwa kasi gani husaidia kuidhibiti kabla haijatawanyika.