Tathmini ya dijitali imfae mwanafunzi, isiishie tovutini

TANGU Mtaala wa Umilisi (CBC) uanze kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, neno ‘tathmini’ limekuwa kinywani mwa kila mwalimu na mzazi. Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza: tathmini hiyo humfaidi nani?

Swali hili si la mzaha. Mwaka wa 2025, kundi la kwanza la CBC lilipofanya tathmini ya Gredi ya Tisa (KJSEA), asilimia 20 ya matokeo yao ilitokana na tathmini za shuleni walizofanya katika Gredi ya Saba na ya Nane. Asilimia 20 nyingine ilitokana na mtihani wa Gredi ya Sita (KPSEA).

Kwa tathmini hizo za shuleni, mwalimu huingia katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC), akapakua maswali, akawapa wanafunzi kazi, kisha akapakia alama zao. Alama husafiri hadi Nairobi. Je, mtoto aliyekosea hurudi nyumbani na nini?

Mtaalamu Michael Scriven ndiye aliyetofautisha, mwaka wa 1967, tathmini inayofanywa kazi ikiendelea na ile inayofanywa mwishoni. Ile ya kwanza, yaani tathmini endelezi, hulenga kurekebisha. Ya pili hulenga kuhukumu. Mwaka wa 1998, watafiti wa Uingereza Paul Black na Dylan Wiliam walichanganua tafiti nyingi na kubainisha kwamba tathmini endelezi huinua viwango vya masomo, hasa vya wanafunzi wanaojikokota.

Lakini si kila mrejesho hufaa. Katika utafiti wa Ruth Butler wa mwaka wa 1988, wanafunzi walioandikiwa maelezo pekee kuhusu kazi zao waliimarika. Waliopewa alama pekee hawakuimarika vivyo hivyo. La kushangaza ni kwamba hata waliopewa alama pamoja na maelezo hawakufaidika jinsi walivyofaidika wenzao wa maelezo matupu, kwa kuwa mwanafunzi akiona alama hulinganisha, asisome ushauri.

Hapo ndipo vifaa vya dijitali vinapoweza kumfaa mwalimu. Chukua mfano wa hesabu ya 1/2 + 1/3. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi majibu manne ya kuchagua: 5/6, 2/5, 2/6 na 1/5. Aliyechagua 2/5 amejumlisha namba za juu kivyake na za chini kivyake. Hajaelewa sehemu ni nini. Aliyechagua 2/6 amepata namba sahihi ya chini, ila amesahau kubadilisha zile za juu. Wote wawili wamekosa, lakini hawahitaji somo moja.

Programu kama Plickers humwezesha mwalimu kuyakusanya majibu hayo kwa simu yake pekee. Kila mwanafunzi huinua kadi ya karatasi, akiizungusha ili upande wa jibu lake uwe juu, na kamera ya simu huzisoma. Wanafunzi hawahitaji vishikwambi wala kompyuta. Kwa dakika chache, mwalimu hujua nani wa kurudiwa lipi kabla kipindi hakijaisha.

Aidha, kwa insha, ujumbe mfupi wa sauti katika simu ya mzazi unaweza kueleza yale ambayo ukingo wa daftari hauyatoshelezi. Ujumbe huo utaje mambo matatu: mwanafunzi alitarajiwa kufanya nini, amefikia wapi, na hatua ifuatayo ni ipi. “Vizuri sana” pekee haitoshi, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Isitoshe, ujumbe huo ni wa mzazi huyo tu. Kuyaanika makosa ya mtoto katika kundi la wazazi ni kumwaibisha.

Ni kweli kuwa madarasa mengi yamefurika, na kwamba umeme na intaneti havijafika kila mahali. Pasipo na simu, vipande vya karatasi vilivyoandikwa A, B, C na D vitatosha, mradi swali limetungwa kwa makini na mwanafunzi apewe nafasi ya kurekebisha kazi yake.

Wahenga walinena kwamba kuteleza si kuanguka. Mtoto anayeonyeshwa alipoteleza akiwa bado darasani ana nafasi ya kusimama tena. Anayesubiri alama za mwisho wa mwaka huenda asijue kamwe ni wapi alipokosea.